Filamu Isiyokauka

Eufrasia aliianika filamu Jumanne saa sita mchana, na Alhamisi saa sita mchana ilikuwa bado inadondosha maji.

Alisimama chini ya kamba akaiangalia. Ulikuwa mwezi wa tisa, Ifakara imekauka, vumbi la Kibaoni linaingia mpaka kwenye sukari. Shuka lililofuliwa asubuhi lilikuwa limekauka kabla hajamaliza kuosha vyombo. Filamu ni kipande chembamba kama utepe, hukauka kwa saa mbili, au tatu wakati wa mvua. Hii ilikuwa na siku mbili kamili. Siku ya kwanza alikuwa ameweka kopo tupu la maziwa chini yake, akidhani ni maji ya kusuuzia yaliyobaki. Sasa kopo lilikuwa limejaa hadi mdomoni. Alilimwaga uani, akalirudisha mahali pake, akaenda kumpiga picha za pasipoti dereva wa bodaboda aliyekuwa anasubiri kwenye benchi.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Beatus, mume wake, aliifungua kabla hawajaoana. Aliugua ini miezi mitano, akafa mwezi wa nne, wakati mashamba yote ya mpunga yako chini ya maji. Tangu siku hiyo Eufrasia alifanya yaliyotakiwa kufanywa. Alifuatilia cheti cha kifo, alipiga watu picha, alitoa fotokopi, alipika, alimpeleka shule Eveline, binti yao wa miaka minane. Hakulia. Siku za msiba hakupata nafasi, na nafasi ilipopatikana machozi hayakuja, akaona si jambo la kufuatilia.

Filamu ile ilikuwa ya slaidi. Wateja wengi hawajui hata neno lenyewe. Filamu ya kawaida ilitoa negativu, na negativu ikatoa picha kumi, ishirini, utakavyo. Slaidi haina negativu. Kipande chenyewe kilichokaa ndani ya kamera ndicho kinachotoka kuwa picha, kikiwa na rangi zake, unakiinua kwenye mwanga na unamwona mtu mdogo amesimama ndani ya kioo. Ukikipoteza, umepoteza. Beatus alizipenda slaidi kwa sababu hiyo. Eufrasia aliziona ni ujinga kwa sababu hiyo hiyo.

Beatus alijifunza kuzipiga na kuzisafisha misheni akiwa kijana, na baadaye akawa anapata filamu kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akija kila mwaka kuhesabu swala waitwao sheshe kule mbugani. Mzungu akazeeka, akaacha kuja. Dar es Salaam waliokuwa wanauza filamu hizo wakaanza kuuza kava za simu. Ikabaki filamu moja ndani ya kamera na pakiti moja ya dawa za kusafishia, ndani ya friji, nyuma ya mchicha.

Juu ya kamera Beatus alikuwa amebandika plasta na kuandika kwa kalamu: *Mimi na Eve*.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote hili. Beatus alipiga picha za nusu ya mji, harusi, komunyo, maiti, na yeye mwenyewe hakuwa kwenye picha hata moja, kwa kuwa kila mara alikuwa nyuma ya kamera. Siku ya mazishi walikuza picha ya kitambulisho chake cha kura, na aliyetokea pale juu ya jeneza alikuwa mtu mwenye uso kama aliyekamatwa bila leseni. Eveline aliitazama akasema, "Huyo siye." Mwezi wa nane, wakati anachambua mchele, aliuliza, "Mama, baba masikio yake yalikuwaje?" Eufrasia alifikiri, akagundua hakuwa na uhakika. Ndiyo maana Jumanne ile alifungua pakiti ya mwisho.

Chumba cha giza kilikuwa stoo ya zamani, dirisha limezibwa kwa tofali, mlango umetundikwa blanketi. Aliingiza filamu kwenye tangi lake kwa kupapasa, akafunika, akawasha taa. Dawa za slaidi zinataka joto la nyuzi thelathini na nane kwa muda wote, kwa hiyo chupa na tangi husimamishwa ndani ya maji ya moto. Alitumia beseni kubwa la kijani, lenye kina, ambalo chupa zilizama mpaka shingoni. Dawa ya kwanza dakika sita na nusu. Alikuwa amefanya kazi hiyo pamoja na Beatus mara nyingi kiasi kwamba mikono haikumuuliza kitu.

Dakika ya tatu alisikia maji yakimwagwa nyuma yake.

Yalimwagwa kwa kopo, taratibu, kopo baada ya kopo, na hayakuwa yakianguka sakafuni. Yalianguka juu ya kitu laini kisha yakachuruzika. Aligeuka. Palikuwa na ukuta na rafu. Halafu ikaja harufu ya sabuni ya kipande na majani ya mlimao, harufu iliyotoka chini ya mlango siku wazee walipokuwa ndani wanamwosha Beatus. Eufrasia akaangalia saa. Dakika ya nne. Dawa haisubiri mtu. Alimalizia ya kwanza, akatia dawa ya rangi, akatia ya mwisho, akasuuza, akaianika, akatoka.

Sasa, Alhamisi, baada ya dereva wa bodaboda kuondoka, aliishusha filamu ikiwa hivyo hivyo mbichi akaipeleka kwenye dirisha. Slaidi isiyopigwa hutoka nyeusi. Nyeusi, nyeusi, nyeusi, kisha moja. Benchi la mbele ya studio, ukuta wa bluu. Eveline kushoto na gauni lake la njano la Jumapili. Beatus kulia, amekonda, shati la Pasaka, mikono juu ya magoti, anaitazama kamera. Kati yao palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mwingine kukaa.

Alimtazama kwa muda. Masikio yalikuwa madogo, yamelala kichwani. Akairudisha kwenye kamba.

Jioni hiyo aliona nyayo sebuleni. Zilikuwa nyayo za mguu mmoja, nyekundu, kutoka mlangoni hadi kwenye kochi ambapo Eveline alikuwa anafanya hesabu.

"Umekanyaga nini?"

Mtoto aliinua mguu akauangalia. Kipande cha bati kilikuwa bado kimo. "Sijui."

"Hukusikia maumivu?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama." Akarudi kwenye hesabu zake.

Eufrasia alilitoa bati, akaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Mtoto hakushtuka. Alikuwa anauliza saba mara nane ni ngapi.

Ijumaa asubuhi alikwenda kumwaga kopo, na kwa kuwa alikuwa pale, aliiangalia tena picha. Ile nafasi katikati ya benchi haikuwepo. Beatus alikuwa ameketi bega kwa bega na mtoto, na mkono wake ulikuwa begani kwa mtoto, vidole vinne vinaonekana juu ya kitambaa cha njano. Eufrasia akajiambia kwamba jana hakuangalia vizuri. Alikuwa amechoka jana. Alikuwa amechoka pia juzi.

Jumamosi Eveline aliipua sufuria ya maharage kwa mikono mitupu, akaibeba kutoka jikoni mpaka mezani akaitua vizuri bila kumwaga. Ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye masikio ya sufuria. Alisimama pale akasubiri kuambiwa akae.

Jumatatu walikwenda hospitali. Muuguzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliposikia habari za kutosikia maumivu aliweka chai yake pembeni, maana katika mji huu watu wanajua ukoma unavyoanza.

"Fumba macho, mjukuu. Nikikugusa sema hapa."

Akamgusa kwa pamba. Vidole, kiganja, kifundo. Mtoto alikaa kimya. Muuguzi akapanda taratibu. Juu kidogo ya kiwiko Eveline akasema, "Hapo." Miguuni alisema hivyo pamba ilipofika juu ya magoti.

"Madoa hana," muuguzi alisema. "Mishipa haijavimba. Ukoma hautembei hivi, mama. Huo unachukua miaka, wewe unaniambia tangu Alhamisi." Alimfunga viganja vizuri, akaandika kwenye daftari. "Anaoga na sabuni gani?"

"Ya kawaida. Kwa nini?"

"Ananukia mlimao. Mrudishe Jumatatu ijayo tumwone na daktari."

Waliporudi nyumbani Eufrasia alikwenda moja kwa moja kwenye kamba. Gauni la Eveline kwenye picha lilikuwa limebaki na rangi ya maziwa. Uso wake ulikuwa umepauka kama picha iliyokaa juani dirishani. Beatus alikuwa amenenepa. Alikuwa na rangi mashavuni ambayo hakuwa nayo miezi yote mitano ya ugonjwa, na hakuwa akiitazama kamera tena. Alikuwa amegeuza shingo na kumwangalia mtoto.

Eufrasia alisimama pale mpaka mteja akagonga meza mara tatu. Akaenda kumtolea fotokopi.

Mzee Eustaki alifika kesho yake asubuhi kutoka Mkula na mkungu wa ndizi. Alikuwa mjomba wa Beatus, katekista mstaafu, na ndiye aliyeongoza kumwosha. Alisalimiwa, akaitika, akauliza hali ya mtoto, akaenda uani kunawa. Alikawia. Eufrasia alimfuata akamkuta ameinamia beseni la kijani.

"Mkwe."

"Abee, mjomba."

"Hili beseni mbona zima?"

Mzee akaligeuza, akapapasa kitako chake.

"Siku ya arobaini mlinipa lipi nikatoboa?"

"La zamani. Lilikuwa limepasuka tayari."

"Kwa nini?"

"Hili lilikuwa jipya, mjomba. Limetumika mara moja tu."

"Mara moja tu," alisema mzee, polepole, kama mtu anayerudia namba ya simu.

Katika ukoo wa kina Beatus, ambao wazee wake walishuka kutoka upande wa Mahenge, chombo kilichobeba maji ya kuoshea maiti hufunikwa nyuma ya nyumba mpaka siku ya arobaini. Siku hiyo mjomba hukitoboa kitako kwa msumari wa moto, kisishike maji tena. Eufrasia alikuwa ameolewa katika ukoo huo miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kumweleza nini kingetokea kisipotobolewa. Hakuna aliyewahi kujaribu. Yeye aliona beseni zuri, la plastiki nene, linakwenda kuharibiwa, na jikoni kuna lingine bovu. Akawapa bovu.

"Umelifanyia nini?"

"Nimesafishia filamu."

"Ya nani?"

"Ya Beatus na mtoto."

Mzee akavuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Baadaye akaomba msumari. Aliupasha moto kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, akaubana kwa koleo, akaupitisha kwenye kitako cha beseni. Beseni lilikuwa limekaa juani tangu alfajiri, kavu kabisa. Msumari ulipotoka, maji yakafuata kwenye tundu, membamba kama mkojo wa mtoto, na yakaendelea mpaka ardhi ikalowa. Wote wawili wakasikiliza. Kule ndani, kwenye kopo, tone liliendelea kuanguka.

"Nimechelewa," alisema mzee. "Kimeshahama." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Mimi nimefundisha katekisimu miaka thelathini. Sijakuambia uende kwa Stumai."

"Sawa, mjomba."

"Lakini ukienda, ni nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mlango wa kushoto. Wa kulia ni dada yake, anauza vitumbua. Ukiingia kwake utatoka kesho."

Stumai alikuwa fundi cherehani. Aliwatibu watu wenye majini Jumanne na Alhamisi, na siku nyingine alishona sare za shule. Siku hiyo ilikuwa Jumanne lakini alikuwa anashona vilevile, maana shule zilikuwa zinamdai sketi. Alimwangalia Eveline, akamwambia akae chini kwenye vitambaa, akamchoma mkono kwa pini bila kumwambia. Mtoto aliendelea kuangalia cherehani. Stumai akapandisha pini. Ilimbidi afike begani.

"Lete hicho kitu."

Eufrasia alimpa filamu ndani ya kopo lake. Stumai hakuigusa. Aliinama akaiangalia kwa mbali, akavuta hewa puani.

"Mumeo alimpenda mtoto huyu?"

"Alimpenda."

"Basi huyo siye. Kuna kitu hukaa jirani na maji ya maiti, dada. Hakina sura, kinaitafuta. Kwa kawaida hakiipati. Kinakuta chombo kina tundu, kinapita na maji kinakwenda zake ardhini. Wewe umekipa chombo kizima, halafu ukakipa na sura ya kuvaa." Akakata uzi kwa meno. "Sasa kimevaa, lakini ndani ni kitupu. Hakijui moto, hakijui baridi. Kwa hiyo kinachukua vya mtoto. Kikifika kifuani, hata kupumua atasahau."

"Lini?"

"Wewe umeona kinavyokwenda. Kesho jioni. Labda kesho kutwa."

"Niichome?"

"Na mtoto aliyemo humo humo utamwambia nini?" Stumai alisimamisha cherehani kwa kiganja. "Unayo nyingine kama hii? Ile wanayotolea picha tena?"

"Haina. Ni hiyo hiyo."

"Ndiyo maana kimeipenda. Sikiliza. Nguo ikiwa na doa mimi sichomi nguo. Wewe ni fundi wa picha. Hamna dawa ya kumtoa mtu mmoja kwenye picha mkamwacha mwingine?"

Eufrasia alifikiri. "Jiki," alisema. "Jiki inakula rangi yote. Nikitumia kijiti cha pamba."

Stumai alimtazama, kisha akacheka kidogo, puani. "Nimesoma visomo miaka ishirini, kumbe Jiki." Akaacha kucheka. "Kesho nitakusomea huku kuanzia adhuhuri, nitakipunguzia nguvu. Kazi ya mkono ni yako. Kitakusemesha. Usikijibu, hata kwa kuguna. Mke akikijibu, kinakuwa mume. Na utoe chote. Utakachokiacha kitabaki."

"Nitakuwa sina picha yake tena."

"Hutakuwa nayo," Stumai alikubali, akarudi kwenye sketi.

Usiku ule Eufrasia alilala mkono wake ukiwa kifuani kwa Eveline, na asubuhi alimvalisha, maana vidole vya mtoto havikujua tena kifungo kiko wapi. Akamlisha uji. Uji ulikuwa wa moto mno, akagundua hilo baadaye, alipoona ulimi.

Saa sita na nusu mchana huo alifunga studio. Alimkalisha Eveline kwenye kigoda ndani ya chumba cha giza, karibu yake, apate kumsikia anavyopumua, na akawasha kisanduku cha taa ambacho Beatus alikitumia kukagulia slaidi. Alimimina Jiki kwenye kifuniko cha chupa. Alikuwa na vijiti kumi na viwili vya pamba vya kusafishia masikio. Alikwangua kidogo ukingo wa filamu kwa kucha apate kujua upande wenye rangi, akailaza, akaanza na kiatu.

Rangi za slaidi zimepangwa kama mablanketi, moja juu ya lingine. Njano ilitoka kwanza, kiatu kikawa cha zambarau, kisha wekundu ukatoka kikabaki cha bluu, kisha hapakuwa na kiatu. Palikuwa na kioo kitupu. Alibadilisha kijiti. Suruali. Magoti. Mkono uliolala gotini. Nyuma yake maji yakaanza kumwagwa.

Hakugeuka. Alifika kwenye kifungo cha chini cha shati la Pasaka, ambacho yeye mwenyewe alikishona tena siku ya Ijumaa Kuu kwa uzi usiofanana, na taa ikazimika. Umeme ulikuwa umekatika. Ndani ya chumba kile kilichojengwa kuzuia hata mwanga wa tundu la ufunguo, saa saba mchana ilikuwa giza la kutoona kidole, na katika giza hilo kopo likazama kwenye maji, likainuka, likamwaga, na harufu ya mlimao ikaja karibu kiasi kwamba aliionja. Alipapasa simu mfukoni, akawasha tochi, na kwa kuwa mkono mmoja ulishika filamu na mwingine ulishika kijiti, akaiuma simu kwa meno.

"Mama Eve," ilisema sauti.

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa mwezi wa mwisho.

"Mama Eve, acha uso tu. Toa vingine vyote, sikatai, toa shati, toa kifua, uso uache, mtoto atanisahau, wewe mwenyewe umeshanisahau masikio, niambie kama nasema uongo, niambie tu, sema neno moja niondoke."

Alitaka kujibu. Haikuwa kwamba alikumbuka onyo akalishinda jaribu. Neno lilikuwa tayari kooni, lilikuwa "Beatus", na lilikuja likagonga simu, na simu ilikuwa imebanwa kwenye meno, na mate yalikuwa yanamchuruzika kidevuni, na ikambidi achague kuangusha mwanga au kunyamaza, na mwanga aliuhitaji kwa sababu Eveline pale kwenye kigoda alikuwa amevuta pumzi na hakuitoa, na Eufrasia alihesabu tano, akahesabu sita, huku kijiti kinapanda kifuani, kinapita shingoni ambako maji yalikuwa yanatoka kwenye filamu yenyewe na kumlowesha vidole, kinafika kidevuni, na sauti haikuomba tena, ilikuwa inapumua tu sikioni kwake, pumzi isiyo na joto wala baridi, na akapitisha pamba juu ya mdomo, juu ya pua, juu ya macho yaliyomwangalia mtoto, njano, nyekundu, bluu, na mwisho kabisa masikio, moja, la pili, madogo, yamelala kichwani.

Maji yaliacha kumwagwa.

Ulibaki mkono uliomshika mtoto. Alifuta kutoka kwenye kiwiko mpaka kifundo. Vikabaki vidole vinne juu ya bega la mtoto, chini yake gauni, chini ya gauni bega. Hapakuwa na mpaka hapo. Eufrasia alichovya kijiti cha mwisho, akakigusisha kwenye kidole kidogo.

"Mama, inaunguza."

Eveline alikuwa ameshika bega lake.

Eufrasia aliinua kijiti. Mtoto alitoa pumzi, akavuta nyingine, akaanza kupiga kelele, maana vyote vilikuja kwa pamoja, bati la Alhamisi na sufuria ya Jumamosi na uji wa asubuhi. Alilia kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Eufrasia aliitema simu, akampakata sakafuni. Aliiangalia picha kwenye mwanga wa tochi. Ili avitoe vile vidole ilimbidi atoe bega, na shingo iko karibu na bega. Alisikiliza mtoto anavyolia. Akairudisha Jiki kwenye chupa, akaifunga.

Filamu ilikauka kabla ya saa tisa. Aliikata, akaiweka kwenye bahasha. Jioni alimpa Eveline nusu kidonge cha Panadol na kumbadilisha bandeji, na mtoto alilalamika kila alipoguswa, na Eufrasia akamwambia avumilie. Alimtumia Stumai ujumbe: *Kimetoka.* Hakumweleza zaidi. Stumai akajibu: *Chote?* Eufrasia aliuacha ujumbe bila kuujibu, akaenda kuloweka sare.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Viganja vimepona. Eveline anakimbia, anagombana, anakataa mboga. Kila Jumapili kabla ya misa Eufrasia humwita chumbani, humvua gauni begani, humwambia aangalie ukutani, na humgusa kwa ncha ya pini. Kuna madoa manne yasiyosikia kitu, moja kila mahali pa kidole, mawili hayazidi ukubwa wa harage. Ameyazungushia mstari kwa kalamu ya wino ili aone kama yanakua. Wiki saba hayajakua.

Jumapili hii aliyagusa yote manne, yakawa ndani ya mistari yake. Aliitoa picha kwenye bahasha akailinganisha. Kavu. Vidole vinne, kioo kitupu, mtoto peke yake kwenye benchi. Akairudisha. Alikuwa anamfunga mtoto kifungo cha nyuma pini ikiwa bado mkononi, na bila kukusudia ikamgusa mgongoni, nyuma ya bega, karibu na shingo.

Eveline hakusogea.

Eufrasia aligusa tena. Akabonyeza. Tone la damu likatoka. Aligusa kuzunguka hapo mpaka akajua: sehemu isiyosikia ilikuwa doa moja pana, la mviringo, mahali ambapo kidole gumba hukaa mtu anaposhika bega kwa nguvu.

"Mama, tayari?" mtoto aliuliza.

"Bado," Eufrasia alisema. Akachukua kalamu.